Mkono Chini ya Kiwiko

Siku hizi wanafunzi wangu pale chuoni wanajaza karatasi ya msaada kwenye simu. Wanabonyeza, simu inalia ti, kazi imekwisha. Mimi nawatazama nasema moyoni, haya, sisi wenzenu tulikuwa na penseli, rula, na ubao wa kubania karatasi wenye kibanio cha chuma kinachouma vidole. Wakiniona nimenyamaza wanadhani nimechoka. Sijachoka. Nimerudi tu kwenye mwaka wangu wa mafunzo, na kila nikirudi huko napita njia ile ile: korido ya chuo iliyopakwa kijani mpaka usawa wa kifua na nyeupe kwenda juu, harufu ya chaki na ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, chupa ya chai juu ya kizingiti cha dirisha, na sauti ya mkufunzi wetu ikitoka darasani: "Mikono mapajani!"

Jamani, mwaka ule niliupenda. Nasema wazi, kwa sababu watu wakisikia ulivyoishia wanadhani nauchukia.

Niliingia chuoni nina miaka thelathini na saba. Kabla ya hapo nilikuwa msusi, miaka kumi na minne, kibanda changu mwenyewe, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Kuna mama mmoja alikuwa ananiletea binti yake ambaye hakukubali kuguswa kichwa na mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mimi. Siku moja mama yule akaniambia, "Mwenzangu, wewe hapa unapotea. Kuna chuo kinafundisha wasaidizi wa watoto kama huyu wangu. Wanakaa nao darasani, wanawasaidia kusoma." Nilicheka sana. Wiki iliyofuata nikaenda kuchukua fomu.

Mdogo wangu aliposikia alishika kiuno. "Dada, shule? Na hayo magoti?"

"Magoti hayasomi," nikamjibu. "Kinachosoma ni kichwa, na cha kwangu bado kizima. Wewe angalia chako."

Tulikuwa kumi na wanane, na wote isipokuwa mimi walikuwa watoto wa juzi. Wakanibatiza Shangazi siku ya kwanza, na jina likaganda. Dawati moja nilikaa na binti mwembamba tuliyemwita Miwani, maana miwani yake ilikuwa mikubwa kuliko uso. Miwani alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Mwalimu akikohoa, Miwani anaandika. Nilimtania mpaka akazoea, na nilipochelewa kumaliza kunakili ubaoni alikuwa ananisogezea daftari lake bila kusema neno.

Mkufunzi wetu tulimwita Mama Subiri. Mama mfupi, mnene, mwenye macho ya mtu anayejua umeficha nini mfukoni. Alituambia kazi yetu ni ngumu kwa jambo moja tu, nalo ni kujizuia. "Mtoto anahangaika na kifungo cha shati," alisema. "Moyo wako unauma, unamfungia. Umemsaidia nani? Umeusaidia moyo wako." Akatufundisha kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumgusa mtoto au kumwambia lolote. Mimi nilihesabu kwa kasi ya mtu anayeachwa na gari. Yeye alikuwa akiona midomo yangu inavyokimbia. "Shangazi! Subiri!" Darasa zima linaangua kicheko, na mimi nacheka nao, ingawa kwa ndani nimekasirika kidogo. Nina hasira za karibu, sikatai.

Halafu kulikuwa na karatasi ya msaada. Siku mbili kwa wiki tulikaa chuoni na siku tatu tulikuwa kwenye mazoezi, kila mmoja na shule yake na mtoto wake. Kwa kila kazi aliyofanya mtoto, uliandika herufi moja. P, amefanya peke yake. N, umemsaidia kwa neno. M, umemsaidia kwa mkono. Basi, hakuna zaidi. "Hapa hakuna pa kuweka huruma wala sifa," Mama Subiri alisema, akiipunga ile karatasi. "Andika kilichotokea. Karatasi hii ndiyo itakayomsemea mtoto wakati wewe hupo."

Miwani akaandika hilo pia. Mimi nilikuwa natafuta kifutio.

Mtoto niliyepangiwa alikuwa binti wa miaka tisa, yuko darasa la tatu, ana mtindio wa ubongo. Walimu walimwita Chiriku. Miguu ilimtii kiasi. Akishika ukuta alifika alikokuwa akienda. Mikono ndiyo iliyomgomea. Aliutuma mkono kulia, wenyewe unakwenda juu. Lakini mdomo! Maneno yalimtoka polepole, yamevutika, na ilibidi umzoee ndipo umwelewe, na ukishamwelewa ndiyo basi tena, hupumziki. Alijua nani amempiga nani, nani hakufanya kazi ya nyumbani, mwalimu yupi ana sketi mpya. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini akaniambia, "Wewe mbona mkubwa?"

"Mkubwa wa nini?"

"Wa kuwa mwanafunzi."

Nikajua hapa nimepata mwenzangu.

Alikuwa na ndoto moja. Pale shuleni, mwalimu akitoka darasani, kiranja alisimama mbele na karatasi kuandika majina ya wapiga kelele. Chiriku aliitamani kazi hiyo kufa kupona. Yeye, mpiga kelele kuliko wote! "Mimi nawajua," alikuwa akiniambia. "Yule kiranja anaandika marafiki za watu wengine. Wa kwake anawaacha." Kwa hiyo alitaka kuandika. Si kusoma tu, si kujibu kwa mdomo. Kuandika.

Na haikuwa ndoto tu. Mwisho wa mwaka lingekuja jopo la watu watatu kuamua juu yake. Darasa la nne lilikuwa na watoto sitini na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alishasema kwa uwazi kwamba mtoto asiyeshika penseli, bila mtu wa kumkalia pembeni, kwake atakuwa anakaa tu kama mzigo uliosahaulika. Jopo likikubali kwamba Chiriku anahitaji msaidizi, atapandishwa pamoja na msaidizi wake. Lisipokubali, atapanda peke yake na kuzama. Mwalimu mkuu alinivuta pembeni akaniambia, "Nafasi ikipitishwa ni yako, mradi upate cheti." Nikasema asante mara tatu. Nilishajiona nimekaa pale miaka yote mpaka Chiriku anamaliza darasa la saba.

Tukaanza. Mwezi wa kwanza karatasi yangu ilikuwa M tupu kutoka juu mpaka chini. Nilimshika mkono wote, tukaandika pamoja, na kwa kweli nilikuwa naandika mimi. Mwezi wa pili nikalegeza. Tukabandika karatasi mezani kwa gundi isiteleze. Fundi seremala wa mtaani akatukatia kipande cha boriti kikawekwa chini ya miguu yake akakanyaga vizuri. Penseli tukaizungushia kitambaa na mpira mpaka ikawa nene kama gunzi la muhindi. Nikamwachia vidole. Nikamwachia kiganja. Herufi zilikuwa zinalala chali, zinasimama kichwa chini, nyingine zinatoka nje ya karatasi kabisa. Mimi nikihesabu, na safari hii nahesabu kweli, moja, mbili, tatu, huku jasho linanitoka kana kwamba ninayeandika ni mimi.

Zilikuwa asubuhi nzuri zile. Dirisha letu lilielekea uwanjani, jua likiingia mpaka nusu ya meza, na kelele za watoto wengine wakikariri jedwali la kuzidisha. Chiriku alikuwa anatoa ulimi akiandika. Akichoka ananiambia, "Shangazi, nisimulie mambo ya saluni," nami namsimulia mteja aliyelala usingizi kwenye kiti akaamka kichwa kimesukwa upande mmoja tu kwa sababu umeme ulikatika. Alicheka mpaka akamwaga mate. Nilimfuta, tukaendelea.

Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, aliandika mistari minne. Mwenyewe. Mikono yangu yote miwili, kwa jinsi nilivyojua mimi, ilikuwa mbali na yake. Ilikuwa orodha ya wapiga kelele, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa mwalimu wa darasa. Niliisoma nikapiga kigelegele darasani, mwalimu akaja kuangalia kuna nini, akajikuta pale juu kabisa. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikachukua ubao wangu, nikaandika P.

Bibi yake, ndiye aliyekuwa akimlea na kumleta shule kila asubuhi, aliichukua karatasi ile akaibandika ukutani sebuleni. Mtaa mzima ulipita kuiona. Alinisimulia kwamba hata muuza mkaa aliingia ndani, akavua kofia, akaisoma.

Tangu siku hiyo ilikuwa P juu ya P. Miezi minne. Mama Subiri alikuja kutuangalia mara tatu, akakaa nyuma yetu kwenye kiti kidogo cha mtoto, akaandika mambo yake, akanipiga bega. "Shangazi, umejifunza kusubiri," alisema. Kichwa kilinivimba, nasema ukweli. Nilikwenda nyumbani nikamrudia mdogo wangu maneno yale mpaka akaniomba ninyamaze.

Jopo likaja wiki mbili kabla ya kufunga shule. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye tai, mpole tu, na wenzake wawili. Darasa likatolewa nje. Mama Subiri akakaa nyuma, mwalimu mkuu pembeni yake. Mwenyekiti akafungua jalada langu, akapekua karatasi moja baada ya nyingine.

"Peke yake, peke yake, peke yake," akasema. "Hongera sana. Basi kama anaandika peke yake, msaidizi naomba usimame pale mlangoni, tumwone."

Nikasimama. Nikamwambia Chiriku, "Haya bibie, waonyeshe," nikaenda mlangoni.

Wakamwomba aandike sentensi yoyote anayotaka. Akaishika penseli yake nene. Mkono ukapanda, ukaenda kando, penseli ikachora mstari mmoja mrefu mpaka pembeni ya karatasi. Akajaribu tena. Mkono ukarukaruka, penseli ikaanguka. Mjumbe mmoja akaiokota akampa. Chiriku hakuandika. Aligeuza kichwa akaniangalia.

Nikatabasamu, nikamwashiria kwa kichwa, endelea mama, endelea. Akaendelea kuniangalia. Nikamwashiria tena. Maskini, nikasema moyoni, ameogopa wageni. Aliniangalia muda mrefu sana, na mimi nimesimama pale nimejaa tabasamu kama mjinga, na ndipo nilipotazama chini.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa hewani. Umenyooka mbele kidogo, usawa wa kiuno, kiganja kimeangalia juu, vidole vimekunjwa kama vinabeba kitu. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeushikilia hivyo tangu alipoanza kuandika.

Miaka kumi na minne ya ususi, mkono wa kulia unasuka na wa kushoto unashika kichwa kisiyumbe. Hufikirii. Mteja mwenyewe hafikirii. Mkono unakwenda wenyewe pale panapoyumba, unapatuliza. Na kwa miezi minne, kila Chiriku alipoandika, mkono ule ulikuwa chini ya kiwiko chake. Si kumshika. Kukipa tu mahali pa kulala. Nikamkumbuka amekaa pembeni yangu asubuhi zote zile, nikaliona lile joto la kiwiko chake kiganjani mwangu, na mimi huyo huyo kwa mkono wa kulia naandika P.

"Ni kawaida," mwenyekiti akasema kwa upole, akifunika jalada. "Mtoto ameona sura ngeni, amekwama. Hatuwezi kumhukumu kwa siku moja wakati tuna rekodi ya miezi minne. Tufuate karatasi. Karatasi zinasema anaandika mwenyewe, kwa hiyo msaidizi hahitajiki tena. Apande darasa la nne kama wenzake." Akatoa kalamu mfukoni kusaini.

Niliiona kalamu inashuka. Nikifunga mdomo, cheti changu kiko salama, baada ya wiki mbili nimevaa joho, mdogo wangu anapiga picha. Na Chiriku amekaa nyuma ya darasa la watoto sitini na penseli imeanguka chini na hakuna wa kuiokota. Nilihesabu, Mungu anisamehe, nilihesabu mpaka nne.

"Samahani," nikasema. "Hizo karatasi si za kweli."

Kalamu ikasimama. "Unasema umedanganya?"

"Sikudanganya. Sikujua. Lakini si kweli." Nikawaeleza mkono. Nikawaonyesha, nikaunyoosha pale mbele ya watu, nikajihisi uchi. "Kila alipoandika nilikuwa nimemshikilia kiwiko. Hajawahi kuandika peke yake hata siku moja. Anahitaji mtu. Nawaombeni, msimpeleke kule bila mtu."

"Mwongo!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Uso umemwiva, mwili wote umekakamaa kwenye kiti. "Mwongo! Nimeandika mimi!"

"Najua, mama, lakini..."

"Mimi!" Akaisukuma karatasi ikaruka chini, akageukia ukuta.

Mama Subiri akasimama kule nyuma. Sijawahi kumwona amezeeka kama dakika ile. "Anachosema msaidizi ni kweli," akasema. "Nilikaa nyuma yao mara tatu. Mkono niliuona. Nilidhani ameuegemeza mezani. Kosa ni lake na ni langu."

Wakatutoa nje, wakajadiliana, wakatuita. Chiriku alipewa msaidizi, na ikaandikwa na kupigwa mhuri. Mimi sikupewa cheti. Mwanafunzi ambaye hajui mkono wake uko wapi hawezi kukabidhiwa mtoto, mwenyekiti alisema, na alisema kwa adabu, na alikuwa na haki. Nirudie mazoezi mwaka unaofuata, shule nyingine. Nafasi ya darasa la nne akapewa aliyekuwa anahitimu na alama nzuri kuliko wote, Miwani. Miwani alilia kuliko mimi. Ilibidi nimbembeleze yeye.

Wiki mbili zile zilizobaki Chiriku hakusema na mimi. Hata neno. Mtoto yule ambaye nilikuwa namwomba anyamaze nisikie mwalimu anasema nini, alinyamaza kama amemeza kufuli. Nilimsimulia habari za saluni, akatazama uwanjani. Nilileta penseli mpya, akaiacha pale pale. Kila swali langu alimjibu mtu mwingine. Nilikuwa naingia choo cha walimu, nafungua bomba lipige kelele, nalia.

Bibi yake alinikuta getini. "Ameibandua ile karatasi ukutani," akaniambia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Kaikunja, kaiweka chini ya godoro. Mwanangu, mimi mambo ya shule siyajui. Umempatia mtu wa kumsaidia, nashukuru. Lakini ulimwambia mbele ya watu kwamba hajaandika. Hilo ndilo analolilia."

Nilimwomba radhi. Akanishika mkono, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeamini kwamba nimemnyang'anya mtoto kitu pekee alichokuwa nacho, na kwamba ilibidi, na kwamba hatanisamehe.

Siku ya mwisho ilikuwa ya makabidhiano. Miwani alikuja mapema, nguo imepigwa pasi, daftari jipya. Niliandaa meza kama kawaida yetu, gundi, kile kipande cha boriti, penseli, halafu Mama Subiri akaniambia nisimame mlangoni nimwachie mwenye kazi. Nikasimama mlango ule ule. Nikaikunja mikono kifuani na kuibana kwapani, isije ikanifanyia vituko tena.

Miwani akakaa, mikono mapajani, kama tulivyofundishwa. Chiriku akashika penseli. Mkono ukaruka, ukachora mstari kwenda kando. Miwani akahesabu, niliona midomo. Akasema neno. Mkono ukaruka tena. Miwani akamshika kwenye kifundo cha mkono, vizuri tu, kwa upole, na penseli ikaenda njia yake kabisa. Akajaribu kumshika kiganja. Ikawa mbaya zaidi. Miwani akaniangalia, macho yamemjaa machozi nyuma ya vile vioo vyake, na mimi nikafumbua mdomo nimwelekeze.

"Siyo hapo," Chiriku akasema.

Wote tukamgeukia.

"Kiwiko," akasema, polepole, akivuta kila neno. "Weka mkono chini. Usishike. Weka tu. Chini kidogo. Hapo hapo." Miwani akaweka. Chiriku akautikisa mkono akaupima, akaulaza. "Usiondoe mpaka nikwambie."

Akaandika. Ulimi nje, kichwa kimeinama, herufi moja baada ya nyingine. Alipomaliza mstari akamwuliza Miwani, "Nani ameandika?"

Miwani akaitazama karatasi. "Wewe," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimeweka mkono."

"Haya. Ndivyo unavyosema watu wakija."

Halafu, bila kuinua kichwa, akasema na mimi. Baada ya wiki mbili. "Shangazi, siku ile nilikuwa nakungoja."

Sikuelewa. "Ulikuwa unaningoja wapi?"

"Pale. Wale watu walipokuja. Nilikuangalia nikakuangalia uje uweke mkono. Ukawa unacheka tu mlangoni."

Nikaegemea mlango. "Kumbe ulikuwa unajua? Mkono wangu ulikuwa unaujua?"

Chiriku akaiweka penseli chini. Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya kwanza, ila safari hii alinishangaa kweli.

"Kila siku," akasema. "Tangu ile siku ya orodha. Kwani wewe ulikuwa huusikii?"

"Nilikuwa siusikii."

Uso wake ukalainika, akanionea huruma, mtoto yule, mimi mtu mzima nimesimama pale na mikono yangu kwapani.

"Pole," akasema, na akarudi kwenye mstari wake.